Kiinua Mgongo

Nimetandaza atlasi juu ya meza ya chakula,
ile ya shule, iliyoachana na jalada lake zamani,
na Shaame amesogeza bakuli la mchuzi bila kuambiwa.
Hapa Wete, nukta. Hapa Dar es Salaam.
Hapa reli, vistari vifupi vifupi kama mshono
wa mtu aliyefundishwa cherehani kwa haraka.

Nakata uzi mweusi, naulaza juu ya reli,
naupinda inapopinda, nausimamisha Korogwe,
kisha naunyoosha kwenye kipimo.
"Mwalimu hastaafu," anasema Shaame.
Sijibu. Nahesabu.

Pesa zimeingia Jumanne.
Kiinua mgongo, ndivyo walivyoziita,
na mgongo wangu umeinamia madaftari
miaka thelathini na moja; hauinuki kwa hundi.
Nataka kuona migongo mingine, ile ya Usambara,
iliyoinuka yenyewe, bila fomu wala muhuri.

Mpango ni huu: boti hadi Unguja, boti hadi Dar,
treni ya jioni, daraja la pili, viti vya dirishani.
Hapo Shaame anacheka.
"Dirishani uone nini?
Mpwa wangu kaniambia, milimani inapita usiku.
Utalipa nauli utazame uso wako kwenye kioo."

Hilo sikulijua.
Nafuta. Raba ya penseli imekauka,
inachafua badala ya kusafisha.
Basi tushuke Korogwe na giza, tungoje kuche,
tukodi gari kwa kijana mmoja, Mhina,
anayetaka dhamana taslimu na picha ya leseni,
na ambaye kwenye simu ameuliza mara mbili:
"Baba amewahi kupanda milima?"

Shaame akakohoa. Akamwambia ameendesha
njia ya zamani ya Wete hadi Chake, kona kwa kona,
ng'ombe katikati, mvua juu.
Mhina akanyamaza kidogo.
"Huku, baba, kona zina upande mmoja tu."

Usiku ule Shaame hakumaliza wali wake.

Halafu sweta. Wete nzima, sweta!
Muuza mitumba alinitazama kama niliyeomba theluji,
akachimba guniani hadi begani,
akatoa moja, la kijani, lenye mnyama kifuani
mwenye pembe kama matawi.
"Hilo langu," kasema Shaame,
"ila usinambie niongeze mwendo."

Sijamwambia kwa nini.

Mwaka wangu wa tano kazini, darasa la sita B,
mtoto wa dawati la nyuma, Bikame, alinyoosha mkono:
"Mwalimu, mlima unanuka vipi?"
Nilikuwa nimechora pembetatu tatu ubaoni,
theluji nimeipaka kwa ubavu wa chaki.
Sikupepesa.
"Kama mawe yaliyolowa," nikasema.
Akaandika. Wakaandika wote.
Nikakusanya, nikaweka vema kwa wino mwekundu,
arubaini na tatu,
na mwaka uliofuata nikalifundisha tena.

Mie, ambaye kilima kirefu nilichokipanda
nilikipanda na ndoo kichwani
na sikutweta.

Sasa uzi umefika Mombo, na kutoka Mombo
kwenda juu Lushoto njia imejikunja mno,
uzi haulali. Nikiondoa kidole, unaruka.
Shaame anaweka chake, kinene, kina mchuzi bado,
kinaacha doa la manjano juu ya mlima.
"Wewe shika huko, mie nashika huku."
Tunashika.
"Na tukikuta mawingu? Tumefika, gari la watu,
pesa zimekwenda, na hakuonekani kitu?"

"Tutashuka garini," namwambia,
"tuvute pumzi."